Ukurasa wa Pilipili

Njombe, Jumapili alasiri

Mwanangu Faraja,

Sikuandikii kukuambia uvae sweta. Makambako hakuna baridi ya hapa, na masweta mama yako ameshakufungia mawili. Nauli unayo, namba za simu unazo, Biblia umeilaza juu kabisa ya begi ili mtu akifungua aione kwanza. Mambo hayo yamekwisha. Naandika kwa sababu tangu Jumapili iliyopita mimi na wewe tumezungumza kwa shikamoo na marahaba tu, na kesho asubuhi unapanda gari.

Umekwenda Kichiwa kumuaga bibi. Mama yako yuko kanisani kwenye kikao cha akina mama. Nimebaki na paka, na nimekaa kwenye meza ya jikoni, mahali ambapo maneno yangu huwa yanakuja kwa urahisi zaidi kuliko sebuleni.

Niseme kwanza linaloniuma, maana nikilificha litatoka lenyewe katikati ya barua. Mmenizunguka. Wewe na mama yako, ndani ya nyumba hii hii, mwezi mzima. Nilijua unatafuta kazi. Kila jioni nilikuuliza, "Vipi, mama, wamejibu?" nawe ukanijibu, "Bado, baba." Kumbe mjomba wako Aidani alishakupa kazi kwenye mgahawa wake na kitanda nyumbani kwake, na mama yako alishampelekea gunia la viazi la kumshukuru. Mimi nimekuja kuambiwa na mzee wa kanisa, nje ya kanisa, watu wakipeana mikono. "Hongera, Baba Faraja, nasikia binti anakwenda kwa mjomba wake Makambako." Nikaitikia amina.

Najua mtakalosema, kwamba nisingekubali. Ni kweli, nisingekubali. Lakini afadhali mngenisikia nikikataa kuliko kunifanya mpangaji katika habari za mtoto wangu mwenyewe. Nimeumia, na bado naumia ninapoandika.

Kisa changu na Aidani unakijua. Nimekusimulia tangu uko shule ya msingi: aliniibia daftari, akapata jina kwa kazi yangu, nami nikaishia kupika maharage ya wanafunzi mia nne. Kila neno la kisa hicho ni kweli. Ila kina ukurasa mmoja nilioukunja, na sijawahi kuukunjua mbele ya mtu yeyote. Unakwenda kusimama kwenye jiko la Aidani, na sitaki usimame pale na nusu ya habari.

Ulimi wangu niliupata kwa babu yako. Wewe unamkumbuka kwa fimbo na kikohozi, lakini alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, na Kichiwa nzima walimjua kwa kazi hiyo. Msimu wa mvua aliingia kwenye mianzi asubuhi na jioni, anakata ncha ya chipukizi, anafunga mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, nami niko nyuma yake. Alinionjesha kila mbeta. Huu umekingwa jana jioni. Huu mwanzi wake uko karibu na maji. Huu bado ni mtogwa, mtamu, wape akina mama. Huu umeshakuwa mkangafu, usiuguse. Nilipofika miaka kumi niliweza kufumba macho nikakuambia ulanzi umelala siku ngapi. Na sheria yake ilikuwa moja, hachanganyi. Wa jana haumwagwi kwenye wa leo, na mkali haufichwi ndani ya mtamu. Kwake aliyechanganya alikuwa mwizi, hakuna jina jingine. Wanaosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji hawakumjua babu yako. Alisifiwa miaka yote na hakutia hata tone.

Sasa nenda nami mpaka mwaka ule ulipokuwa na miaka tisa. Mimi na Aidani tulikuwa wapishi kwenye nyumba moja ya wageni hapa mjini. Yeye ni kaka wa mama yako, na ndiye aliyeniombea kazi ile, na ndiye aliyenifundisha kushika kisu cha jikoni. Nayasema hayo nayo maana yalitokea. Wanunuzi wa parachichi walikuwa wameanza kuja kwa wingi. Mmoja alikuwa Mhispania mnene, mcheshi, aliyewahi kukaa Moshi miaka kadhaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha vipande vipande. Tulimwita Bwana Pako. Alikuja na katoni nne za divai nyekundu ya kwao, akataka tumwandalie karamu ya wakulima wakubwa na maofisa, divai ya kwao kwa chakula cha kwetu. Hakutaka chipsi wala kuku wa kukaanga.

"Mimi nataka Njombe kwenye sahani," alisema.

Alitumiminia glasi moja moja. Divai mimi niliijua ya meza ya Bwana tu, lile tone moja tamu. Aidani alikunywa yake kwa mkupuo, akasema nzuri sana, bosi. Mimi nikaonja, nikaiacha ikae mdomoni. Kwanza zilikuja plamu, zile zilizoiva mpaka zinapasukia mtini. Halafu moshi kidogo, wa mahindi yaliyokaa darini juu ya jiko. Halafu harufu ya ngozi, kiatu kipya kinapotoka kwenye boksi. Na mwisho ukakasi, ule wa zambarau, unaoukausha ulimi hata kama ndiyo kwanza umemeza. Nikamwambia hivyo hivyo. Aliweka chupa mezani akaniangalia.

"Wewe nani amefundisha?"

"Baba yangu."

"Yeye analima zabibu?"

"Anagema mianzi."

Ndipo akanieleza kwamba divai ile ni ya zabibu za aina tatu zilizochanganywa. Faraja, nilikasirika. Nilidhani mtu ananikiria wizi usoni, tena anacheka. Nikamwambia, kwa adabu lakini nikamwambia, kwamba kwetu anayechanganya anafukuzwa kilabuni. Aidani alinikanyaga mguu chini ya meza. Bwana Pako hakuudhika hata kidogo. "Moja iko na mifupa," akasema, akihesabu kwa vidole, "moja iko na nyama, moja iko na harufu. Hii peke yake kali sana. Hii peke yake laini sana. Pamoja, chakula." Nikamwona mjanja wa maneno tu. Lakini alinipa chupa mbili na wiki mbili nimtafutie vyakula vinavyokaa vizuri na divai ile, na hapo nikanunua daftari.

Wiki mbili zile huenda ndizo zilikuwa furaha yangu kubwa katika kazi. Kila jioni nilikaa kwenye meza hii na glasi yenye vidole viwili vya divai na sahani saba ndogo. Viazi vya kuchemsha, divai ilivifunika kabisa. Dagaa wa Ziwa Nyasa walioletwa kutoka Ludewa, nikahisi nimelamba msumari. Figili, uchungu juu ya uchungu. Ugali wa ulezi ulisimama nayo kiume. Maharage yaliyolala, yaliyopashwa kwa kitunguu kingi, yalishangaza. Na simbilisi wa kuchoma, Faraja, mmoja wa wale wadogo kuliko sungura wa kibandani kwetu, aliyebanikwa taratibu mpaka ngozi ikalia, mafuta yake yaliukata ule ukakasi, na nyuma yake zikabaki plamu peke yake. Wewe hukula. Ulilia kwa sababu simbilisi yule ulikuwa umempa jina. Mama yako alikuwa anaonja pamoja nami na kunicheka. "Baba Faraja, unakunywa au unasahihisha mitihani?" Nami nikiandika kila kitu.

Wiki ya pili nikashikwa na mafua ya Juni, na unayajua mafua ya Juni ya Njombe. Babu yako akiwa na mafua alikuwa haonji. Aliniita mimi, akasimama pembeni na kitambaa chake. Nilijua hivyo. Lakini siku zilikuwa zinakwisha, na nilikuwa nimeshaanza kusifiwa, Bwana Pako akinishika bega kila akipita. Nikaonja hivyo hivyo, pua imeziba, mbuzi wa kuchoma aliyepakwa pilipili kichaa na ndimu. Nilisikia joto tu, na kwa baridi ile joto lilinipendeza. Nikaandika juu ya ukurasa mpya: Mbuzi wa kuchoma na pilipili nyingi. Hiki ndicho. Nikapiga mistari miwili chini yake.

Siku tatu kabla ya karamu nikaitwa Lugarawa. Bibi yako alikuwa amelazwa hospitalini kule na hali haikuwa nzuri. Daftari nililiacha kabatini. Divai kidogo niliibeba kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaingiwa na wazimu wa ile kazi. Siku ya pili bibi akapata nafuu, na pua yangu ikafunguka. Nikaenda kwenye kibanda cha nyama nje ya hospitali, nikaagiza mbuzi na pilipili, nikatoa chupa yangu. Muuguzi aliyekuwa anakula meza ya jirani akaniuliza, "Dawa hiyo, baba, umeambiwa unywe na nyama?" Nikameza. Pilipili ilishika moto juu ya divai, plamu zikafa, ukabaki uchungu na ukali unaopanda mpaka masikioni. Nikaagiza nyama nyingine, chumvi tupu. Nikasubiri mdomo upoe, nikaonja tena. Hapo divai ikafunguka yote, moshi kwa moshi. Kwa hiyo daftari langu lilikuwa na kosa, tena kwenye ukurasa wenye mistari miwili.

Nilirudi Njombe mchana wa siku ya karamu, njia nzima nikirudia kichwani, bila pilipili, bila pilipili. Nikaingia jikoni na vumbi langu. Ukutani palikuwa na karatasi ya vyakula vya jioni ile, kwa mwandiko mzuri wa Aidani. Nilisoma "ukakasi wa zambarau". Nilisoma "moshi wa mahindi ya darini". Yalikuwa maneno yangu moja baada ya jingine. Bwana Pako alikuwa amemkumbatia Aidani begani, anamwambia meneja kwamba huyu ana ulimi wa dhahabu. Aidani akaniona. Akatazama sufuria, kisha akanitazama tena.

"Umefika, shemeji? Bibi anaendeleaje?"

Na mimi nikamjibu, "Anaendelea vizuri." Mpaka leo sijui kwa nini nilimjibu.

Nikaenda nyumbani mbio. Daftari halikuwepo. Mama yako alikuwa anavaa kitenge atoke. Meneja alikuwa amemwita akasaidie jikoni kwa siku ile moja. Nikamuuliza, "Daftari liko wapi?" Akasema, "Nilimpa kaka." Nikageuka nikatoka. Hilo ndilo swali pekee nililouliza, na jibu lake nililibeba miaka kumi na mmoja. Nilijiambia kwamba mke wangu amechagua damu yake. Nilijiambia hivyo nikiamka na nikilala, na nikawa mtu unayemjua wewe, anayejibu kwa kikohozi.

Sasa ukurasa uliokunjwa ni huu.

Jioni ile nilirudi jikoni, nikapangwa kufuta glasi. Mama yako alipewa kazi ya pilipili. Alikuwa anasoma karatasi ya ukutani na kusaga, anasoma na kusaga, kwa sababu karatasi ilisema nyingi, na aliyesema nyingi ni mimi. Bakuli zima la pilipili kichaa. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Neno moja tu, "acha", lingetosha. Nilinyamaza. Nikasema moyoni, wacha waharibu, wameniibia, wacha waibe na kosa langu. Na nilifurahi, Faraja. Nilifuta glasi zile nikiwa na furaha.

Wageni walikula mbuzi, wakanywa divai, na nikaona kile nilichokitazamia. Ofisa mmoja alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mke wake akaomba maji. Bwana Pako mwenyewe alisukuma glasi pembeni akafuta uso kwa leso. Meneja akaja jikoni na hasira. "Nani ameweka pilipili hii?" Aidani hakusema ni karatasi yake. Alimwangalia dada yake. Meneja naye akamgeukia mama yako, mbele ya wahudumu wote. "Mama, hapa si genge la sokoni. Umetuharibia wageni. Vua aproni."

Mama yako alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Halafu aliniangalia. Hakumwangalia kaka yake, aliniangalia mimi. Na mimi niliinua glasi kwenye taa nione kama ina alama, nikaendelea kufuta.

Aliondoka peke yake kwa miguu, na baridi ile. Sikumfuata.

Karamu yenyewe haikuharibika sana, wala usidhani kisasi changu kilifika mbali. Simbilisi walipoletwa wageni walishangilia, divai ikarudi mahali pake, na Aidani akasema pilipili ilikuwa kosa la msaidizi. Akasifiwa. Baadaye hoteli kubwa ikamchukua, na miaka ikipita akafungua mgahawa wake pale Makambako zinapoachana barabara za Songea na Mbeya. Mimi niliacha kazi mwezi ule ule kwa hasira. Nikawaambia watu nimeibiwa, na kweli nilikuwa nimeibiwa.

Umewahi kujiuliza kwa nini nyumba yetu haina pilipili? Ulipokuwa shule uliniuliza mara moja, nikakuambia ni tumbo la mama yako. Tumbo lake ni zima. Tangu jioni ile hajagusa pilipili. Kwenye sherehe za kanisa wakimwomba asaidie kupika, anaosha vyombo. Anaamini mpaka leo kwamba mkono wake ndio mzito, kwamba aliwaaibisha mume na kaka kwa siku moja. Ningemwondolea mzigo huo kwa sentensi moja, jioni yoyote kati ya hizi zote. Nilimwacha nao kwa sababu nilimwona msaliti, na msaliti nilidhani hadaiwi maelezo.

Kwa Aidani nimewahi kwenda, hilo hamlijui. Miaka mitatu iliyopita nilipanda lori la shule kufuata maharage Makambako. Nikajikuta nimekaa mezani kwake, kona ya nyuma, kofia usoni. Hakuwepo. Nikasoma orodha ya vyakula, na mstari wa kwanza ulikuwa: Mbuzi wa kuchoma na pilipili nyingi, kwa divai nyekundu ya Hispania yenye ukakasi wa zambarau. Hakubadilisha hata herufi. Nikacheka peke yangu. Meza ya pili alikaa mfanyabiashara wa nafaka, mzee wa Kiislamu mwenye kanzu safi, anakula mbuzi yule yule kwa soda.

"Unacheka nini, mzee mwenzangu?"

"Pilipili hii."

"Aa, usiicheke. Mimi nasimamisha gari hapa kwa ajili ya pilipili hii. Haina mfano barabara nzima."

Na kwa soda ilikuwa kweli. Nilionja, ilikuwa tamu. Bakuli alilofukuziwa mama yako linasimamisha magari Makambako, na hakuna aliyemwambia. Hata hivyo nilirudi nyumbani nimeshiba kiburi, nikijua Aidani anawauzia maofisa kosa langu pamoja na divai, na hatajua mpaka afe, maana ulimi wake ni wa mti. Siri ile ilikuwa mali yangu. Niliila kidogo kidogo ikanitosha.

Wiki hii ladha yake ikaharibika. Jumatano ulipokuwa umekwenda kushona sare, nilimkabili mama yako. Nilimwambia, "Kwanza ulimpa daftari langu. Sasa unampa binti yangu." Alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Nilimpa daftari ampelekee yule Mzungu kwa jina lako," akasema. "Mzungu alilitaka siku ile ile. Wewe uko Lugarawa, simu haishiki. Niliogopa kazi atapewa mtu mwingine. Kaka aliniapia."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Akaendelea kumenya. Nilitoka nje nikasimama kwenye kibanda cha simbilisi mpaka miguu ikafa ganzi. Miaka kumi na mmoja, Faraja. Aidani alitusaliti wote wawili kwa siku moja, mimi na dada yake, na badala ya sisi wawili kusimama upande mmoja, nilimsukuma mama yako akasimame upande wa mwizi. Bwana Pako angesema niliitaka zabibu moja tu, au mwema au mwizi. Mama yako alikuwa mke wangu na dada wa Aidani kwa pamoja, na alitaka kuwa vyote viwili kwa uaminifu. Mimi nikaita huko kuchanganya.

Sasa usinielewe vibaya. Sijamsamehe Aidani, wala usimpelekee salamu zisizokuwepo. Akikuuliza baba anasemaje, mwambie baba mzima. Atakufundisha vingi, ana mkono mwepesi na hapigi kelele jikoni, na alikubeba mgongoni ulipokuwa na surua. Huyo ni yeye. Aliyetazama sufuria akaniulizia hali ya mama yangu, naye ni yeye. Utakula naye meza moja, kwa hiyo mwangalie vizuri, wala usiharakishe kumpa jina.

Na wewe, usinifanyie tena hili la kunizunguka. Nikikataa, nikatalie mbele yangu. Nimeona mambo ya kunyamaza yanavyozeeka ndani ya nyumba.

Kuhusu divai. Una ulimi wa babu yako, nimekuona ukionja mchuzi kwa kufumba macho. Siku ya kwanza Aidani atakupa mbuzi wa pilipili upeleke mezani na chupa ile. Usipeleke kabla hujaonja, na ukiwa na mafua usionje. Kisha fanya hivi: mbuzi wa mguu, chumvi tu, moto wa taratibu, apumzike kidogo kabla ya kukatwa, ugali wa ulezi pembeni na maharage yaliyolala. Divai isiwe ya baridi ya friji wala ya joto la jikoni. Iache kwenye sakafu ya saruji asubuhi mpaka jioni. Simbilisi akipatikana, mpe mgeni simbilisi kwanza. Dagaa usithubutu. Pilipili ipeleke kwa wenye soda, na iwe ile ile, bakuli zima, wala usipunguze.

Sasa siri yangu imekwisha. Sikumpa Aidani, nimekupa wewe. Ukimwambia, shauri yako, jiko ni lenu. Ila siku yoyote mteja akiisifu pilipili ile mbele yako, mwambie imesagwa mara ya kwanza na mama yako, Vumilia wa Njombe. Umtaje kwa jina.

Barua hii siifungi. Mama yako akirudi kutoka kikaoni nitamwekea hapa mezani, nami nitakaa kiti cha mbele yake mpaka amalize, hata akitaka kusoma mara mbili. Atakuwa anasoma kwa mara ya kwanza nilikuwa najua nini jioni ile alipovua aproni. Sijui atasema nini. Nimemwomba Mungu, mama yako asije akasema "si neno", maana si kweli.

Kesho begi lako nitalibeba mimi mpaka stendi, tukiwa tunasemeshana au hatusemeshani. Barua utaipata pale kabla gari halijaondoka. Ukiipokea kutoka kwa mkono wa mama yako, ujue ameisoma. Ukiipokea kutoka kwa mkono wangu, ujue nimeogopa mara ya pili.

Ni mimi baba yako.